Kuchakaza Si Kubuni

Kiswahili kimetuchezea mchezo mzuri katika jambo hili. Mbuni ni mti wa kahawa, mbuni ni ndege mwenye mabawa asiyeruka, na mbuni ni mtu anayetoa kichwani mwake kitu ambacho hakikuwapo. Anayekaa mbele ya kompyuta kuchora picha ya kahawa ya kuuzia fulana yuko kati ya hao watatu, na ushauri unaovuma siku hizi katika mafunzo ya biashara za mtandaoni unamsukuma kwa yule ndege. Ushauri huo unafahamika kwa kila aliyewahi kuuliza habari za fulana za kuchapishwa kwa oda, zile ambazo hazichapishwi mpaka mteja awe amelipa, kampuni ikazitoa mashineni moja moja na kumtumia mnunuzi, huku mchoraji akibakiwa na fungu lake. Tafuta picha ya kikombe chenye mvuke au kinu cha mkono, wanasema. Iwekee maneno mafupi kwa herufi nene, chini andika "Tangu 1892" au mwaka wowote unaopendeza, kisha ipitishie filta ya mikwaruzo ionekane imefuliwa mara mia. Ipandishe, na kabla ya kulala utengeneze nyingine kumi. Sura ya kizamani inauzika, na sura ya kizamani ni vumbi tu la kunyunyizia juu ya chochote.

Kwamba inauzika, sibishi. Kahawa na ukale vimeshikana mikono tangu zamani, na mtu anayependa kikombe chake cha asubuhi hupenda pia kudhani kwamba anakunywa alichokunywa babu yake. Ninachopinga ni hilo la vumbi. Ndilo linalozaa makosa mengine yote ya ushauri huu, maana mtu akishaamini kwamba ukale ni uchakavu, hana tena sababu ya kuuliza kwa nini picha za zamani zilikuwa zilivyokuwa, wala ya kuchora yake. Anabaki kutafuta cha kuchakaza.

Tuanze na mabango ambako sura hiyo ya kizamani ilitoka. Litografia, ufundi wa kuchora kwa kitu chenye mafuta juu ya jiwe na kupiga chapa kutoka kwenye jiwe hilo, ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18. Kuanzia miaka ya 1860 Jules Chéret aliifanya Paris kuwa mji wa mabango ya rangi. Kila rangi ilihitaji jiwe lake, na kila jiwe lilikuwa gharama, uzito na siku ya kazi. Karatasi ikiwekwa juu ya jiwe la pili, ilikuwa rahisi kusogea kidogo, rangi ikatoka nje ya mpaka wake. Kwa hiyo mchoraji alihesabu rangi zake kama mpishi anavyohesabu pilipili, akaweka mistari minene ya kuficha pale rangi mbili zisipokutana sawasawa, akaacha maeneo mapana ya rangi moja, akayachora maandishi kwa mkono ili yaingie ndani ya picha. Leonetto Cappiello alipotengeneza bango la mashine za espresso za Victoria Arduino mwaka 1922, alimchora abiria anayening'inia nje ya behewa la treni akijikingia kikombe chake. Wazo ni moja tu: kahawa hii ni ya haraka kiasi kwamba treni haina haja ya kungoja. Cappiello alijulikana kwa kutupa umbo moja lenye rangi kali juu ya uwanja mtupu, ili mpita njia wa upande wa pili wa barabara alielewe kabla hajavuka.

Bango hilo lilipobandikwa halikuwa na ufa hata mmoja. Lilikuwa linang'aa. Ufa, madoa na kufifia vilikuja baadaye, navyo si kazi ya Cappiello bali ya jua, mvua na mende. Kwa hiyo anayechukua picha dhaifu na kuipaka mikwaruzo hamwigi mchoraji wa zamani hata kidogo. Anawaiga mende. Alichoacha kukiiga ndicho kilichoyafanya mabango yale yapendwe kwa miaka mia moja: uchache wa rangi, umbo moja lenye nguvu, herufi zilizochorwa kwa ajili ya sentensi ile na si nyingine. Ukale unaovutia macho ni alama ya vikwazo, na vikwazo haviwekwi mwishoni mwa kazi. Ndivyo vinavyoianza.

Gunia la kahawa linaonyesha jambo hili vizuri kuliko bango. Maandishi ya kwenye gunia la katani au juti la kilo 60, yaani nchi, daraja, namba ya shehena na bandari, hupigwa kwa stensili: bati au karatasi ngumu iliyotobolewa, na wino unaopitishwa matunduni. Herufi O haiwezi kutobolewa nzima, kwa sababu kipande chake cha katikati kingeanguka, hivyo fundi huacha vijidaraja viwili vya kukishikilia. Vivyo hivyo A, B, D na R. Mkato ule tunaouona ndani ya herufi ni jibu la tatizo. Sasa tazama fulana za "mtindo wa gunia" zilivyojaa sokoni: mara nyingi utakuta hata I na L zimekatwa, herufi ambazo hazina cha kuanguka. Aliyezitengeneza aliona mkato akadhani ni pambo. Mnunuzi huenda asiweze kueleza kilichoharibika, lakini jicho lake limeshaona magunia, mabati na masanduku ya kutosha tangu utotoni kuhisi kwamba hapa kuna kitu kinachojifanya.

Kwetu hatuna haja ya kwenda Paris kulijua hili. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia mbao za kujengea dari na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei yake. Rangi ya baiskeli haipendi kuchanganywa polepole mpaka iwe kivuli, inataka kukaa nzima na kung'aa. Ubao mdogo wa mraba unataka mnyama mmoja aujaze. Mtindo unaobeba jina lake mpaka leo umetoka humo. Hakuna mchoraji wa Tingatinga anayechora tembo wa kijivu aliyefifia kisha akampiga varnishi ili "aonekane Tingatinga".

Fulana nayo ina vikwazo vyake, na hapa ndipo ushauri wa vumbi unapojikata mguu wenyewe. Mashine nyingi za kuchapa kwa oda hupuliza wino moja kwa moja kwenye kitambaa. Fulana ikiwa nyeusi au ya rangi ya kahawa iliyokaangwa, mashine hulazimika kwanza kutandika wino mweupe chini ili rangi za juu zionekane. Wino huo mweupe haujui nusu-nusu vizuri. Kivuli laini, ukungu, mvuke unaofifia, pikseli zilizo wazi kidogo na zilizojaa kidogo, mambo yote ambayo filta huyamwaga kwa wingi, hutoka na ukingo mweupe kama chokaa, na vijitone vidogo vya mikwaruzo vilivyopendeza kwenye kioo huonekana kifuani kama mashine iliyoishiwa wino. Mteja haoni ukale, anaona kasoro, naye hudai fedha yake. Mchoro uliojengwa kwa rangi mbili au tatu nzima, wenye mipaka iliyokatwa sawasawa, hauna shida hiyo. Bora zaidi ni ule ambao weusi wake haukuchapwa kabisa, bali umeachwa kitambaa chenyewe kiwe wino wa nne, kama vile litografia ilivyoiachia karatasi iwe nyeupe yake. Amazon huwataka wachoraji wa fulana walete faili ya pikseli 4500 kwa 5400, sawa na inchi 15 kwa 18 katika ubora wa kuchapa. Picha ndogo iliyookotwa mtandaoni haiwezi kujaza nafasi hiyo bila kuvimba na kuchanika, ila umbo lililochorwa upya hukua bila kulalamika. Kwa ajabu, basi, mashine ya leo na jiwe la Senefelder vinataka mchoraji wa aina moja.

Kuna hasara nyingine ya kuokota, nayo si ya ufundi. Anayenakili nakala hurithi na ujinga uliomo. Fulana nyingi zinaonyesha tawi la kahawa lenye majani na, katikati ya majani, punje za kahawia zenye mkunjo wa katikati, kana kwamba kahawa huiva mtini ikiwa imeshakaangwa. Mtu yeyote wa Rombo, Nyeri au Mbozi angecheka. Mtini kuna matunda, mabichi ya kijani na mabivu mekundu, yamejibana kwenye vifundo vya tawi ambamo majani hutoka mawili mawili yakitazamana. Punje zimo ndani, kwa kawaida mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo. Ukweli huo mdogo una picha nzuri kuliko tawi la uongo: huko Buganda na Bukoba, watu waliochanjiana undugu wa damu waligawana punje hizo mbili za tunda moja, kila mmoja akala ya mwenzake. Nusu mbili za tunda lililofunguka, mikono miwili, rangi mbili. Hakuna filta itakayoutoa mchoro huo popote, kwa kuwa haujalala kwenye ghala lolote la picha za bure. Unatoka kwenye kujua.

Hilo linatufikisha kwenye ghala lenyewe. Picha za zamani za kahawa zilizobaki nyingi ni za wanywaji na wauzaji wa mbali. Arbuckle, aliyeanza kuuza kahawa ya Ariosa Marekani mwaka 1873 ikiwa imekaangwa tayari ndani ya pakiti, alikuwa na malaika anayepaa na kadi za rangi za kukusanya. Hills Bros. wa San Francisco walikuwa na mtu wa Kiarabu mwenye kanzu ya njano akinywa bakulini. Joseph Binder aliichorea Julius Meinl ya Vienna mwaka 1924 mtoto mweusi mwenye tarbushi nyekundu. Kama ufundi wa kuchora, kazi ya Binder ni safi, maumbo machache yaliyopangwa kwa akili. Lakini tazama ni nani anayetazama na nani anayetazamwa. Mkulima hayupo, au yupo kama pambo. Mwaka 1933 Alfonso Bialetti alileta birika lake la Moka nchini Italia, na mwaka huohuo chama kikuu cha ushirika cha Wachaga, KNCU, kilianzishwa Moshi, kikirithi umoja wa wakulima uliokuwapo tangu 1925. Birika la Bialetti limechorwa kwenye fulana mpaka limechoka. Ushirika wa Moshi je? Anayesema kwamba hakuna jipya la kuchora katika kahawa ya kizamani amehesabu upande mmoja wa meza.

Na upande wa pili umejaa. Kuna mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, chuma kizito chenye gurudumu, ambayo ingemfurahisha mchongaji yeyote wa mbao. Kuna kihamba cha Wachaga, migomba ikiuwekea mbuni kivuli, majani mapana juu ya majani madogo, mchoro uliojipanga wenyewe. Kuna vichanja vya kuanikia, na kahawa ya maganda ya Kagera, na vifurushi vya kahawa ya kutafuna aliyokuwa akipewa mgeni kabla hata ya salamu kwisha. Pwani kuna dele la shaba, mdomo mrefu, makaa chini yake, na muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake visivyo na mkono mpaka mtaa mzima ujue amefika; kuna kashata kando ya kikombe, kuna baraza la Jaws Corner huko Mji Mkongwe ambako kahawa na siasa hutoka kwenye chombo kimoja. Vitu hivi ni vya kale kwa haki. Havikupata tu mchoraji wa mabango wakati wa mabango. Anayevichora leo kwa sarufi ya wakati ule, rangi chache, umbo moja, herufi za mkono, anachora bango la zamani ambalo halikuwahi kuchapwa, na hiyo ndiyo maana pekee ya "mtindo wa kale wa asili" isiyojipinga yenyewe.

Najua jibu litakalokuja: kila msanii anaiga, hata kanga hurudia. Kanga kweli hurudia. Ina pindo, mji na jina, na mpangilio huo hauguswi. Kwa muda mrefu ubunifu wake ulitoka pwani na uchapaji ukafanywa ng'ambo, Ulaya, Japani, India, kwa oda ya wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye alama yake ya K.H.E. "Mali ya Abdulla" bado iko kwenye pindo hadi leo. Ukipenda, huyo alikuwa akichapisha kwa oda kabla neno halijazaliwa. Lakini jaribu kumuuzia mwanamke wa Mombasa jina la kanga alilokwisha kulivaa mwaka juzi. Fremu ni ya wote, usemi ni wa leo. Kuiga sarufi ni kujifunza lugha. Kunakili sentensi ya mtu na kuipaka matope ni jambo jingine, na wanaochanganya mawili haya hufanya hivyo kwa sababu la pili ni rahisi.

Picha za zamani hazina mwenyewe, wanaongeza. Kwa sehemu wako sahihi. Kazi zilizochapishwa Marekani kabla ya 1929 hakimiliki yake imekwisha huko, na Cappiello alifariki mwaka 1942, hivyo miaka 70 inayohesabiwa Ulaya baada ya kifo cha mtunzi ilishapita. Ila alama ya biashara haizeeki maadamu inatumiwa na kusajiliwa upya. Nguva wa Starbucks, ambaye kwa maelezo ya wenyewe alitokana na mchongo wa zamani wa mbao, amekuwa alama yao tangu duka la kwanza Seattle mwaka 1971, na mchongo ule kuwa wa kale hakumpi mtu ruhusa ya kumvaa kifuani. Majukwaa ya kuuzia hayangoji mahakama. Huondoa mchoro, na makosa yakirudiwa hufunga akaunti pamoja na fedha iliyomo. Hata hivyo sitaki kuegemea sheria, kwa kuwa hoja ni nyepesi zaidi: picha uliyoipata bure, jirani yako naye kaipata bure. Katika biashara ambayo hakuna mtaji wa kuchapa, hakuna ghala, na kushindwa hakugharimu senti, kila mtu anaingia. Kitu cha pekee kisicho bure kwa wote ni mchoro. Ukitupa hicho, umebaki kushindana kwa bei na watu elfu wenye kikombe kilekile chenye mvuke uleule. Akili unde haikuokoi hapo, maana imelishwa fulana hizohizo na hurudisha wastani wake, na mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, D.C., ilishikilia kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haipati hakimiliki Marekani. Utakachokitoa kwa kubofya, mwenzako atakichukua kwa kubofya.

Pingamizi lenye uzito ni moja, nalo nalikubali kwa sehemu: wako wanaouza kwa njia ya vumbi, na wanauza. Lakini chunguza wanachouza. Mara nyingi ni mzaha wa Jumatatu asubuhi, au maneno ya kumtisha anayezungumza na mtu ambaye bado hajanywa kahawa. Mzaha ukiwa mzuri huuzika hata ukiandikwa kwa mkaa ukutani, na picha iliyo chini yake ni abiria tu. Huo si ushahidi kwamba mchoro wa kizamani hauhitaji kubuniwa. Wapo pia wanaosema mnunuzi wa Ohio au Osaka hatalijua dele. Lakini mnywaji wa kahawa wa leo anasoma Nyeri na Kirinyaga kwenye pakiti yake, na Japani "Kilimanjaro" ni jina la kahawa linalojulikana kabla ya kuwa jina la mlima wa kupandwa. Abiria wa Cappiello naye hakujulikana na mtu. Alieleweka.

Imebaki mikwaruzo yenyewe, ambayo sikusema itupwe. Inaweza kuwa na kazi, mchoraji akijua kitu chake huchakaa wapi. Gunia huliwa kwenye pembe na kwenye mkunjo, ambako wachukuzi hulikamata, na maandishi ya katikati hubaki mazima. Dele nalo halichakai sawasawa mwili mzima kama filta inavyodhani. Hung'aa mkononi, pale kiganja cha muuza kahawa kilipoisugua shaba mwaka baada ya mwaka, hubonyea kidogo tumboni, na chini, karibu na makaa, hugeuka jeusi lisilotoka kwa kusuguliwa. Kwenye fulana nyeusi, sehemu hiyo ya chini haina haja hata ya kuchapwa.